Nuru ya Bahari na Bei ya Ziwani

Omena ni dagaa wa Ziwa Nyanza, na kule Homa Bay huuzwa kwa gorogoro. Gorogoro, kwa msomaji wa pwani asiyelijua, ni kopo linalojaa kilo mbili hivi za mahindi, nalo huko bara limekuwa kipimo cha kila kitu kinachopimika. Mama mmoja niliyemkuta akianika omena wake karibu na ufuo wa mji huo ndiye aliyenipa somo la makala haya, ingawa mimi nilikwenda kule kwa shughuli nyingine kabisa. Nilikwenda kusikiliza nyatiti.

"Mzee," aliniambia huku akiwatandaza omena juu ya wavu, "mwenye pesa hununua gunia, na kwa gunia bei ni nafuu. Asiye na pesa hununua gorogoro, na huyo wa gorogoro ndiye anayelipa zaidi. Sasa hili bando la simu nalo ni gorogoro tu."

Nilimwomba anieleze, naye hakuona taabu. Kila siku ya kazi hununua bando la shilingi 20. Kwa bando hilo hupiga picha za omena asubuhi, akazituma kwa wateja wake wa Kisumu na Kisii, akauliza bei, akapokea habari za mwanawe kutoka shuleni. Ikifika alasiri bando limekwisha, na mteja anayejibu jioni hampati. Siku ya kawaida, akisha kuondoa mtaji na nauli, hubakiwa na shilingi kama 300. Kwa siku 26 za mwezi hizo ni shilingi 7,800, na bando humla shilingi 520.

Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka shabaha ya kuwa, ifikapo 2025, katika nchi zinazoendelea huduma ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Asilimia 2 ya pato la mama huyu ni shilingi 156. Yeye hulipa zaidi ya mara tatu ya hizo. Tena shabaha yenyewe hupimwa kwa pato la wastani la taifa zima, ambamo mbunge na muuza omena hutiwa katika chungu kimoja kisha wakagawanywa sawa. Nchi yaweza kufaulu mtihani huo, na mama wa ufuoni asifaulu.

Kwa hivyo, msomaji, nyatiti niliisikiliza, na nyuzi zake nane zilinifurahisha. Walakini nimeiweka kando, nami nitaandika habari ya zile shilingi 20. Bei ya omena hupangwa na giza la mwezi, upepo na wingi wa nyavu. Bei ya intaneti hupangwa na watu waliokaa mezani wakiwa na karatasi mbele yao. Iliyopangwa mezani yaweza kupangwa upya mezani, nasi tumekwisha kuliona hilo likitendeka.

WAYA ULIOTOKA KWETU

Sisi watu wa Mombasa tuna deni katika habari hii, kwani mlango ni wetu. Mwezi wa Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuja Mombasa kuuzindua waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi ufuo wetu. Wazee wa mjini walitabasamu. Njia ile wakiijua. Ndiyo njia ya majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, yakileta tende na mazulia na kurudi na boriti za mikoko. Safari hii kilichokuja kilikuwa nuru ndani ya uzi wa kioo, nao uzi huo haungoji msimu.

Kabla ya mwaka huo maneno yetu yote ya intaneti yalipanda mbinguni kwa setilaiti na kushuka. Aliyetaka njia ya setilaiti yenye upana mdogo tu alilipa maelfu ya dola kwa mwezi. Serikali ya Kenya ilikuwa katika mazungumzo ya mataifa mengi kuhusu waya mwingine, ule wa EASSy, na mazungumzo yakawa marefu kwa kushindana juu ya nani atamiliki nini. Hapo Serikali ikaamua kutafuta njia yake, ikaweka hisa katika TEAMS, na kampuni za simu nazo zikaweka hisa zao. Mwaka huo huo wa 2009 ukafika waya wa SEACOM, na 2010 ukafika EASSy. Nyaya tatu katika muda usiozidi miaka miwili, nazo zikashindana. Bei ya jumla ikaporomoka kutoka maelfu ya dola hadi mamia, na baadaye chini zaidi.

Hilo halikuwa jambo la bahati. Lilikuwa uamuzi wa Serikali, na ulikuwa uamuzi mwema.

Na wakati mwingine uamuzi ulikuwa mbaya. Vijana wengi hawaijui habari ya Novemba 2000. Siku zile barua ya kompyuta iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi, pengine katika barabara ile ile, ilipaa kwanza hadi ng'ambo ndipo ikarudi, na kila hatua ya safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni. Watoaji wa huduma ya intaneti wakaungana, wakafungua kituo cha kubadilishana mizigo yao humu humu nchini, kikaitwa KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya nje, ikalalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Hakikutimiza hata majuma mawili tangu kufunguliwa. Kilikuja kufunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu. Hakuna mtambo ulioharibika wala mlingoti ulioanguka. Kalamu ndiyo iliyofunga, na kalamu ndiyo iliyofungua.

KUTOKA PWANI HADI ZIWANI

Usiku ule wa Homa Bay nililala katika nyumba ya wageni chini ya kilima cha Asego. Nilitaka kuipeleka Mombasa sauti ya yule mpiga nyatiti, dakika kumi tu za kurekodi. Nilinunua bando, likaisha kabla ya nusu. Nikanunua la pili. Saa sita za usiku nilikuwa bado nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimenyoosha mkono kuelekea dirishani kama mtu anayemlisha ndege. Hapo nikaandika ubeti huu:

Waya ulipowasili, Mombasa kwetu pwanini,
Tulisema kwa ukweli, bei itashuka chini,
Safari yake i mbali, hata ufike ziwani,
Bei kapandisha nani, ewe nuru ya bahari?

Swali hilo lina majibu kadhaa, nayo yafaa yatajwe moja moja.

Jibu la kwanza ni masafa. Kutoka ufuo wa Mombasa hadi ufuo wa Homa Bay ni mwendo wa nchi nzima. Serikali ilijenga uti wa mgongo wa nyaya za nuru, unaojulikana kwa jina la NOFBI, na katika awamu zake ukakusudiwa kufika makao ya kaunti zote 47. Hivyo nuru ya bahari ilipewa njia ya kufika Homa Bay mjini na Migori mjini. Lakini makao ya kaunti sio kaunti. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori watu 1,116,436, na wengi wao hukaa mbali na mji, katika vijiji, fuo na visiwa. Hesabu hiyo hiyo ilionyesha kuwa katika Kenya nzima ni asilimia 22.6 tu ya watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliotumia intaneti, na wa mijini walikuwa zaidi ya maradufu ya wa mashambani.

Jibu la pili ni biashara. Kampuni huusimamisha mnara mahali penye watu wengi wenye kulipa, na hakuna wa kuilaumu kwa hilo, maana kampuni si wakfu. Kijiji chenye nyumba mia moja nyuma ya kilima hakilipi gharama ya mnara, umeme wake na mlinzi wake. Hapo ndipo sheria huingia. Mwaka 2009 sheria ya mawasiliano ilirekebishwa, ikaundwa Hazina ya Huduma kwa Wote. Kila mwenye leseni hutoa humo asilimia 0.5 ya mapato yake ya mwaka, na fedha hizo hutumika kupeleka huduma pale biashara isipokwenda kwa hiari yake. Kwa hazina hiyo imejengwa minara katika kata ndogo zilizokuwa gizani, na mamia ya shule za sekondari za umma zikaunganishwa. Mtu aliyesoma chuoni ataitambua fikira hii mara moja. Aliyejaaliwa hutoa sehemu, na sehemu hiyo ina wenyewe. Kitu cha kuangaliwa daima ni kama inawafikia wenyewe kwa wakati, kwani mavuno yakikaa ghalani mno huliwa na fukusi.

Jibu la tatu ni kodi, na hili ndilo linalomgusa mama wa omena kila asubuhi.

SHILINGI TANO KATIKA ISHIRINI

Mwaka 2018 ushuru wa bidhaa juu ya huduma za simu na intaneti ulifika asilimia 15. Mwaka 2021 ukapandishwa hadi 20. Mwaka 2023 ukarudishwa 15. Mwaka 2024 mswada wa fedha ulitaka kuurudisha 20, na mswada wote ukaondolewa baada ya vijana kujaa mabarabarani mwezi wa Juni. Juu ya ushuru huo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, nayo hutozwa juu ya bei ambayo imekwisha kutiwa ushuru. Yaani kodi juu ya kodi.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya bando la shilingi 20 kwa kiwango hicho cha 2023. Huduma yenyewe ni shilingi 15. Shilingi 5 zilizobaki ni za kodi. Katika kila mabando manne anayonunua yule mama, moja ni la Serikali.

Sisemi kuwa kodi ni haramu. Barabara niliyopita kutoka Kisii hadi Rongo ilijengwa kwa kodi, na hospitali aliyozalia mama huyu huendeshwa kwa kodi. Nasema tu kuwa kodi hii haimtazami mtu usoni. Tajiri wa Nairobi aliyefungiwa waya nyumbani hulipa mara moja kwa mwezi, na kila kipande cha huduma humwendea kwa bei ya gunia. Muuza omena hulipa kwa gorogoro, na kodi humfuata katika kila gorogoro. Tangu 2019 yako mabando yasiyokufa usiku, lakini mwenye shilingi 20 hupata kidogo humo, basi hurudia lile la siku moja.

Ziko pia simu zenyewe. Mwaka 2009 Serikali iliziondolea simu za mkononi ile kodi ya asilimia 16, na ununuzi wake ukaongezeka sana katika miaka iliyofuata. Mwaka 2013 kodi ikarudishwa. Mwaka 2022 ukaongezwa ushuru wa asilimia 10 juu ya simu zinazoagizwa kutoka nje. Nilipopita sokoni Homa Bay niliona wanawake wengi wangali wameshika kabambe, ile simu ndogo ya vitufe ambayo haifungui picha. Bando likitolewa bure kesho, mwenye kabambe halimfai.

Na ng'ambo ya ziwa hili hili tunao mfano wa kutuonya. Uganda, Julai 2018, iliweka kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wengi waliacha, wengine wakatafuta vichochoro vya kuikwepa. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Ukiupandisha sana ushuru wa kivuko, wako watakaoogelea na wako watakaobaki ng'ambo, na mtoza ushuru atabaki na daftari tupu.

ULIMWENGU MZIMA KISIWANI

Kutoka Mbita nilipanda mashua hadi Mfangano. Kisiwa hiki ni cha Wasuba, watu wa asili ya Kibantu waliotoka upande wa Uganda zama za kale, wakaishi na Wajaluo, wakaoana nao, hata lugha yao ikamezwa pole pole na Kijaluo. Leo wanaoizungumza sawasawa aghalabu ni wazee. Kisiwani iko michoro ya kale juu ya majabali ya Kwitone na Mawanga, na iko makumbusho ya amani ya Abasuba inayoihifadhi kumbukumbu hiyo.

Ukurasa huu ni wa utamaduni, na huenda msomaji amekuwa akijiuliza bando lahusianaje na utamaduni. Jibu nililipata Mfangano. Hapo kilianzishwa kituo kiitwacho Ekialo Kiona, jina ambalo kwa Kisuba maana yake ni ulimwengu mzima. Kiliwekwa kompyuta na intaneti iliyoendeshwa kwa nguvu ya jua, na mwanachama hakutakiwa fedha. Sharti lake lilikuwa kupimwa virusi vya ukimwi kila baada ya miezi sita. Vijana walikuja kwa ajili ya intaneti, wakajua hali za afya zao. Na kutoka hapo ikazaliwa redio ya vijana kwa lugha ya Kisuba, ili wazee wazungumze na watoto wasikie.

Mzee mmoja wa kisiwa, aliponiona na kofia yangu, alinisalimia kwa Kiswahili kisha akanitupia maneno ya Kisuba kunijaribu. Baadhi niliyakamata, kwa kuwa ni ndugu wa maneno yetu.

"Umeona?" akasema, akicheka. "Sisi na nyinyi ni wa mama mmoja. Lakini mjukuu wangu, jaduong', huyo hasikii hata moja. Ni simu tu, na simu haisemi Kisuba."

"Isemeshwe," nikamwambia.

"Na nani? Kuisemesha ni pesa."

Neno lake ni la kweli kuliko alivyodhani. Lugha kubwa huingia katika simu ya mtoto bila kubisha hodi, kwa sababu wenye lugha hizo wana fedha za kutia nyimbo zao, picha zao na masomo yao huko ndani. Lugha ndogo huingia iwapo mwenyewe anamudu kuiingiza. Kusikiliza wimbo hula bando. Kuupandisha wimbo wako mwenyewe, ulimwengu uusikie, hula zaidi. Bei inapokuwa kubwa, maskini husikiliza kidogo na hasemi kabisa.

PUTO ZA MWAKA 2020

Nilirudi Rongo, nikashika barabara ya Migori. Njiani abiria mmoja, mwalimu, alinikumbusha habari ya zile puto. Mwaka 2020, shule zilipokuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na watoto wa mijini wakisoma kwa kompyuta ilhali wa vijijini wakisikiliza redio au wakichunga mbuzi, zilirushwa angani puto za kampuni ya Loon, za nyumba moja na Google, zikishirikiana na Telkom Kenya. Kiasi cha puto 35, juu sana kupita njia za ndege, zikimwaga intaneti juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 la magharibi na kati ya nchi, Kisumu na Kisii zikiwemo. Zilianza Julai 2020. Januari 2021 kampuni ikatangaza kuwa inafunga kazi, kwa kuwa gharama haikuwezekana kuteremshwa ikawa biashara.

"Tulidhani ni mvua, mzee," alisema mwalimu. "Kumbe lilikuwa wingu la kupita."

Siwabezi waliojaribu, kazi yao ilikuwa ya ustadi mkubwa. Lakini wingu la mwenye mali hupita apendapo mwenyewe. Kisima kilichochimbwa kwa sheria hubaki, hata mchimbaji akiondoka.

MIGORI NA MPAKA

Migori ni mji wa magari makubwa, dhahabu, tumbaku, miwa na muziki. Humo nilikaa na kijana mpiga ohangla ambaye ameimba nyimbo zaidi ya thelathini. Nilipomwuliza ni ngapi zilizomo mtandaoni, alinyosha vidole vinne. Nyingine zimo katika simu yake, na simu hiyo imepasuka kioo. Huzipeleka saiba mjini akipata fedha, wimbo mmoja mmoja, kama mtu anayelipa karo.

Saiba hiyo niliitembelea. Wengi niliowakuta hawakuwa wapenda muziki. Palikuwa na msichana aliyetaka kuomba nafasi ya chuo kikuu, mama aliyetafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na mzee aliyeambiwa katika ofisi fulani kuwa karatasi yake haipokelewi tena dirishani, aende kwenye kompyuta. Mwezi wa Juni 2023 Serikali ilitangaza kuwa huduma zake zaidi ya 5,000 zimewekwa mtandaoni. Ni jambo la maendeleo, kwani limewapunguzia wengi safari na rushwa. Walakini mzee yule alikuwa amelipa nauli kuja mjini, kisha kijana wa saiba kumjazia fomu, kisha kuichapisha. Zamani dirisha lilikuwa bure, na shida ilikuwa foleni. Sasa foleni imeondoka na dirisha lina kiingilio.

Serikali iliyohamishia dirisha lake katika intaneti haiwezi kusema tena kuwa intaneti ni anasa. Imekuwa ni njia ya kumfikia Serikali mwenyewe, na njia ya kumfikia hakimu na daktari haiachwi mikononi mwa mwenye kivuko peke yake.

Nilifika hadi Isebania. Hatua chache kabla ya mpaka simu yangu ilinikaribisha Tanzania, ilhali miguu yangu ingali Kenya, na salio langu likaanza kuyeyuka. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka huo, na ngoma zao na litungu lao havijui forodha. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa kuyafanya mataifa yao eneo moja la simu, na gharama za kupigiana zikashuka sana. Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Hapo pia kalamu ndiyo iliyosogeza mpaka, na pale isipofika, mpaka ukabaki ndani ya simu.

ADA YA CHUONI

Nitasema sasa yale ninayoyaona, nami si fundi wala mchumi, ni mtu wa maneno tu.

Nilipokuwa mtoto, chuoni kwetu tulipeleka ada ndogo kwa mwalimu. Mwenye nacho alipeleka senti zake, mwana wa mvuvi alipeleka samaki msimu ukiwa mzuri, na yatima hakupeleka kitu. Ubao ulikuwa mmoja na wino mmoja, na hakuna aliyefundishwa nusu ya alifu kwa kuwa babake amelipa nusu. Mwalimu alikula, nasi tulisoma. Ule haukuwa ukarimu wa mtu mmoja, bali ni utaratibu uliokubaliwa na mtaa mzima, na mtoto hakuona haya kwa kuwa hakuwa akiomba.

Utaratibu wa namna hiyo wawezekana katika jambo hili. Kwanza, bando dogo kabisa, lile la gorogoro, lipunguziwe ushuru au lisamehewe, na hasara itafutwe kwa wale wanaonunua gunia. Pili, simu ya bei ya chini iondolewe kodi kama ilivyoondolewa 2009; tumekwisha kujaribu na tuliona faida. Tatu, minara itumiwe kwa shirika, kwani si busara kilima kimoja kiwe na minara mitatu na cha pili kisiwe na hata mmoja. Nne, Hazina ya Huduma kwa Wote ihesabiwe hadharani, kata kwa kata, mwananchi wa Mfangano aweze kuuliza zamu yake ni lini. Tano, nyaya za umma zilizokwisha kufika makao ya kaunti zisogezwe hadi zahanati, maktaba, shule na fuo za wavuvi, ambako watu wako. Serikali iliyoingia 2022 iliahidi vituo 25,000 vya intaneti ya bure mahali pa umma. Ahadi hiyo na ipimwe kwa ufuo wa Homa Bay kabla ya kupimwa kwa masoko ya Nairobi.

Na sita, wanavijiji waruhusiwe kujijengea. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa kanuni za leseni kwa mitandao ya jamii, ambayo wenyeji huijenga na kuimiliki wenyewe, na Kibera iko TunapandaNET iliyoonyesha kuwa yawezekana. Kilichofanywa Kibera kwa mikono ya vijana chaweza kufanywa Mfangano, mradi leseni iwe nyepesi na njia ya jumla iwe ya bei ya haki.

Siku ya kuondoka nilipita tena Homa Bay kumuaga yule mama. Ilikuwa alasiri. Omena walikuwa wamekauka vizuri, wanang'aa kama vipande vya fedha, na mteja wa Kisii hakuwa amepatikana. Bando lilikuwa limekwisha saa nane. Nilitaka kumnunulia jingine, akakataa kwa adabu.

"Ya leo utanunua wewe, mzee," alisema. "Na ya kesho?"

Sikuwa na jibu. Nimemwandikia ubeti wa pili, nami nauweka hapa, ili wanaokaa mezani na karatasi mbele yao wausome kabla yake:

Msitupe kwa fadhili, kama sadaka njiani,
Wekeni bei ya kweli, aimudu masikini,
Sheria iwe kandili, imulike vijijini,
Ufike hadi ziwani, ewe nuru ya bahari.